Zeus na ukoo wake: nani kamzaa nani, na kwa nini kila mtu ni ndugu yake

Watu wengi wanaojaribu kusoma stori za miungu ya Wagiriki wa kale wanakwama sehemu moja, familia ya Zeus. Unasoma kwamba Hera ni mke wake, alafu mbele kidogo unaambiwa Hera ni dada yake wa damu, Demeter nae ni dada yake na amezaa nae mtoto, huyo mtoto anaitwa Persephone anakuja kuchukuliwa na Hades ambaye ni kaka wa Zeus, yani ameolewa na baba yake mkubwa, na hapo bado hujafika kwa binadamu waliozaa nae. Mtu anafunga kitabu anasema hawa Wagiriki walichanganyikiwa. Hapana. Ule ukoo una mantiki yake na mantiki yenyewe ni madaraka: nani anayo, nani anaweza kumpora, na mwenye nayo afanye nini ili asiporwe. Ukilishika hilo, majina yote yanaanza kukaa sehemu zake.

Tuanze kwa babu. Aliyetupangia huu ukoo vizuri kuliko wote ni mshairi Hesiod, mtu wa Boeotia, Ugiriki ya kati, aliyeishi miaka ya 700 kabla ya Kristo hivi, kwenye utenzi wake wa Theogony. Anasema mwanzo kulikuwa na Chaos, uwazi mtupu, kisha akatokea Gaia ambaye ndo ardhi yenyewe. Gaia akamzaa Ouranos, mbingu, bila mwanaume, alafu huyo huyo Ouranos akawa mume wake. Wakapata Titani 12, nusu wanaume nusu wanawake, na Sayklopi 3 wenye jicho moja, na majitu 3 yenye vichwa 50 na mikono 100 kila moja. Sasa Ouranos aliwachukia wanae tangu siku ya kwanza, kila anaezaliwa anamsukumiza arudi ndani ya ardhi, ndani ya mama yake, asione mwanga. Gaia akaelemewa na maumivu, akatengeneza mundu, akawauliza wanae nani yuko tayari kumlipizia, wote wakanyamaza kwa woga isipokuwa wa mwisho kuzaliwa, Kronos. Usiku Ouranos alipokuja kulala na mkewe Kronos akatoka alipojificha akamkata baba yake sehemu za siri. Damu iliyodondoka ardhini ikazaa Erinyes, wale miungu wa kike wanaoandama watu waliomwaga damu ya ndugu zao, na zile sehemu zenyewe zilipoangukia baharini likafanyika povu, kwenye povu akatoka Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Huyu Aphrodite mkumbuke, tutamrudia, maana ana matatizo ya cheti cha kuzaliwa.

Kronos akawa mfalme, akamuoa dada yake Rhea, na akaambiwa na wazazi wake kwamba na yeye mwanae atampindua. Akachagua njia yake. Baba yake alizuia watoto wasitoke tumboni, yeye akawaacha watoke alafu akawameza: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon, wote watano. Mimba ya sita Rhea akakimbilia ushauri kwa wazazi wake, wakampeleka Krete, akajifungua huko, mtoto akafichwa pangoni, na Kronos akapewa jiwe lililofungwa nguo za kitoto. Akalimeza bila kuangalia mara mbili. Mtoto wa pangoni ndo Zeus. Alipokua akamfanya baba yake awatapike nduguze, na kilichotangulia kutoka ni lile jiwe kwa sababu ndo liliingia mwisho. Hesiod anasema Zeus alilichukua akaliweka Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki, na kitu kinachonifurahisha sana ni kwamba jiwe lilikuwepo kweli, yule msafiri Pausanias alipita Delphi karne ya 2 baada ya Kristo akaliona, anasema si kubwa, kila siku lilikuwa linamiminiwa mafuta na siku za sikukuu linawekewa sufu mbichi. Kwa hiyo watu walikuwa wanaenda kulitazama jiwe ambalo mungu alilimeza akidhani ni mwanae.

Hapa ndo linapotoka lile swali, Zeus ni kitinda mimba au ni kaka mkubwa? Kwa Hesiod ni wa mwisho kabisa. Kwa Homer, mshairi mwingine wa kale, kwenye Iliad, utenzi wake wa vita vya Troy, Zeus ni mkubwa kwa Poseidon na anajua mengi zaidi kwa sababu ya huo ukubwa. Wapo wanaopatanisha kwa kusema wale waliotapikwa ni kama walizaliwa upya kwa mpangilio wa kinyume, na kweli kuna wimbo wa kale wa kumsifu Aphrodite unaomwita Hestia mzaliwa wa kwanza na pia wa mwisho. Mimi naona Homer alikuwa tu na mapokeo yake mengine na tusimlazimishe akubaliane na Hesiod. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu chenye neno la mwisho, walikuwa na washairi, na mji huu ukisimulia hivi mji ule unasimulia vile na wote wanatoa sadaka kwa Zeus yule yule.

Vita na Titani vilichukua miaka 10, Titani wako mlima Othrys, Zeus na ndugu zake wako Olympus, ule mlima wa mita 2,917 kaskazini mwa Ugiriki, hakuna anaeshinda. Kilichobadilisha mambo ni kwamba Zeus alienda kuwafungua waliofungwa na wakubwa wake, Sayklopi wakampa radi, majitu ya mikono 100 yakampa nguvu ya kurusha mawe. Ona tofauti yake na baba na babu. Wale walitawala kwa kufungia ndugu chini ya ardhi, huyu alishinda kwa kuwafungulia. Na baada ya kushinda akagawa. Iliad kitabu cha 15 kinamnukuu Poseidon akieleza, kwa hasira maana ametumiwa amri aondoke vitani, kwamba wao ni ndugu watatu na walipiga kura, yeye akapata bahari, Hades akapata kuzimu, Zeus akapata anga, na ardhi pamoja na Olympus ni mali ya wote, kwa hiyo Zeus atulie kwenye fungu lake awaamrishe watoto wake mwenyewe. Mwishowe anatii lakini ananung'unika, na hiyo ndo hali ya ile familia muda wote.

Sasa wake. Hapa watu wanacheka na wanarahisisha, eti Zeus alikuwa mpenda wanawake basi, lakini angalia orodha ya Hesiod kwa utulivu. Wa kwanza ni Metis, binamu yake, mtoto wa Okeanos, ambaye ndo busara na ujanja wenyewe. Wa pili Themis, ambaye ni sheria na desturi, huyu ni Titani, dada wa Kronos na wa Rhea kwa pamoja, kwa hiyo kwa Zeus ni shangazi na mama mdogo kwa wakati mmoja, akamzalia Utaratibu, Haki na Amani, na pia wale watatu wanaopanga hatima za binadamu (ingawa huko nyuma Hesiod huyo huyo alishasema hao ni watoto wa Usiku). Akaja Eurynome binamu mwingine akazaa wale dada watatu wa neema na uzuri, akaja Demeter wa nafaka, Mnemosyne ambaye ni kumbukumbu akazaa Muses 9 wa nyimbo na elimu, Leto akazaa mapacha Apollo na Artemis, na wa mwisho kabisa Hera. Ni kama chifu anaeoa kila ukoo wenye nguvu ili kusiwe na ukoo wa kumpinga. Busara, sheria, chakula, kumbukumbu, vyote vimeingia nyumbani kwake. Na kuhusu kuoa dada, pale mwanzo hakukuwa na mtu mwingine wa hadhi yake, Titani wenyewe walioana hivyo hivyo. Wagiriki binadamu hawakuishi hivyo. Athens iliruhusu uoe dada wa baba mmoja mama tofauti, lakini mliochangia mama mmoja hapana.

Turudi kwa Metis maana hapo ndo moyo wa stori nzima. Gaia na Ouranos, wazee wale wale waliomuonya Kronos, wakamuonya na Zeus: Metis atazaa binti mwenye nguvu kama baba yake, kisha atazaa mtoto wa kiume atakaekuwa mfalme wa miungu na watu. Babu alisukumiza watoto ndani ya mama. Baba akameza watoto. Zeus akameza mama. Akamlaghai kwa maneno matamu akiwa tayari na mimba, akamweka tumboni mwake, na Hesiod anasema humo ndani Metis anaendelea kumshauri mema na mabaya. Kwa hiyo yule mtoto wa kiume hakuzaliwa kamwe, na ule mnyororo wa mtoto kumpindua baba ukakatika hapo. Binti yeye akatoka kupitia kichwani kwa Zeus, huyo ni Athena, na ndo maana Athena ni kipenzi cha baba kuliko wote, hana mama wa kumtetea dhidi yake, ni wa baba peke yake.

Na hofu haikuisha. Baadae Zeus na Poseidon wote walimtaka Thetis, mungu wa kike wa baharini, na mshairi Pindar anasimulia kwamba Themis akawazuia, akawaambia huyu ameandikiwa kuzaa mtoto atakaempita baba yake nguvu. Wakamwacha haraka wakamwozesha kwa binadamu, Peleus, ili huyo mtoto hata awe na nguvu vipi afe tu. Mtoto ni Achilles. Yani shujaa mkubwa wa vita vya Troy alizaliwa mtu wa kufa kwa sababu Olympus ililinda kiti cha Zeus, na mama yake analijua hilo na analia nalo kwenye Iliad.

Hera nae hakuwa mke wa kukaa kimya. Katuni na muvi zimewapa watoto picha ya Hera kama mama mpole wa shujaa Herakles (Hercules), wakati kwenye stori za kale Herakles ni mtoto wa Alkmene, binadamu, na Hera ndo alituma nyoka wawili wamuue akiwa bado kitandani. Iliad kitabu cha 1 inasema kuna wakati Hera, Poseidon na Athena walipanga kumfunga Zeus minyororo, mke, kaka na binti kipenzi, na aliyemuokoa ni Thetis, alipanda haraka na lile jitu la mikono 100, Briareos, likakaa tu pembeni ya Zeus na wale wakaogopa wakaacha. Na kitabu cha 15 Zeus anamkumbusha Hera siku aliyomning'iniza angani kafungwa mikono kwa mnyororo wa dhahabu, miguuni fuawe mbili, na miungu wote wanatazama hawawezi kumsaidia. Ni maneno ya mume kwa mke na yanatisha, Homer hakuyapamba.

Watoto wa Hera na Zeus kwa Hesiod ni watatu, Hebe, Ares na Eileithyia. Hephaestus, mungu wa ufundi wa chuma, ndo utata. Homer anamfanya mtoto wa wote wawili, Hesiod anasema Hera alimzaa peke yake bila mwanaume kwa hasira baada ya Athena kutoka kichwani kwa Zeus. Lakini Pindar anasema aliyepasua kile kichwa kwa shoka ili Athena atoke ni Hephaestus. Ukiziweka hizo stori mbili pamoja Hephaestus anashika shoka kabla hajazaliwa. Ndo maana nawashauri watu wasichore mti mmoja.

Aphrodite nae, kwa Hesiod ametoka kwenye povu, kwa hiyo kwa umri ni mkubwa kuliko Zeus. Kwa Homer ni mtoto wa Zeus na Dione, akijeruhiwa vitani anakimbilia magotini kwa mama yake. Kwenye Symposium, kitabu cha mwanafalsafa Plato, mzungumzaji mmoja anasema kuna wawili, wa mbinguni na wa watu wote, anajengea hoja yake ya mapenzi hapo. Lakini huyu Dione anatufundisha kitu kikubwa zaidi. Kule Dodona, kaskazini magharibi mwa Ugiriki, ambako watu walikuwa wanauliza maswali yao kwa Zeus na kusikiliza majani ya mti wa mwaloni, mke wa Zeus aliyeabudiwa nae ni Dione. Na vile vibao vya udongo vya Linear B, mwandiko wa zamani sana wa Kigiriki, ambao Michael Ventris alifaulu kuusoma mwaka 1952, vinaonyesha kwamba mji wa Pylos, kama miaka 1,200 kabla ya Kristo, tayari walikuwa wanatoa sadaka kwa Zeus na Hera pamoja, na kwa mtoto wa Zeus anaeitwa Drimios ambaye washairi wa baadae hawamtaji kabisa. Kwa hiyo wake wengi wa Zeus, kwa sehemu, ni matokeo ya Ugiriki kuwa na miji mingi. Kila sehemu ilikuwa na mungu wake wa kike na ndoa yake na mungu wa anga, na washairi walipokuja kuunganisha hizo dini za sehemu sehemu kuwa stori moja, Zeus akabaki na wake wote.

Hilo hilo linaeleza wanawake binadamu. Watu wa Arcadia walitoka kwa Arkas mtoto wa Zeus na Kallisto, kisiwa cha Aegina kilikuwa na Aiakos mtoto wa Zeus, Sparta walikuwa na Lakedaimon mtoto wa Zeus, Troy walikuwa na Dardanos, mtoto wa Zeus nae. Koo nyingi za kifalme zilitaka Zeus awe juu kabisa ili ziheshimiwe. Alexander wa Makedonia alihesabu baba yake anatoka kwa Herakles na mama yake anatoka kwa Achilles, ambaye babu yake ni yule Aiakos, kwa hiyo kote kote ni Zeus, na bado mwaka 331 kabla ya Kristo akavuka jangwa la Misri mpaka Siwa kwa mungu Ammon, ambaye Wagiriki walimuona ndo Zeus, kuhani akamsalimia kama mtoto wa mungu.

Na ukifuata hizi koo mpaka mwisho unakutana na Zeus akirudi kwenye uzao wake mwenyewe. Alizaa na Io mtoto anaeitwa Epaphos, mjukuu ni Libya, kitukuu ni Agenor, na Europa, yule Zeus aliyejigeuza ng'ombe dume akamvusha bahari mpaka Krete, ni binti wa Agenor kwa masimulizi mengi, yani ni kilembwe wa Zeus. Kaka wa Europa ni Kadmos, akamuoa Harmonia binti wa Ares, wakamzaa Semele, na Zeus akazaa na Semele mtoto Dionysus. Huyo Semele kwa upande wa Ares ni kitukuu wa Zeus. Herakles nae, mama yake Alkmene ni mjukuu wa Perseus na Perseus ni mtoto wa Zeus, kwa hiyo baba wa Herakles ndo huyo huyo baba wa babu yake mzaa babu. Ukifanya hesabu kwa kalamu na karatasi utaona haikwepeki.

Nisiseme kama vile hao wanawake walifurahia. Stori nyingi ni za kukamatwa kwa nguvu au kwa ulaghai, na anaeteseka baadae ni mwanamke, Io anageuzwa ng'ombe na kufukuzwa na nzi nchi kwa nchi, Kallisto anageuzwa dubu, Semele anaungua moto wa radi akiwa na mimba. Wagiriki wenyewe waliliona. Xenophanes, mwanafalsafa wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliwashutumu Homer na Hesiod kwa kuwapa miungu kila kitu ambacho ni aibu kwa watu, wizi, uzinzi na kudanganyana. Na ule wimbo wa kale wa Demeter unampa mama nafasi ya kupigana: Zeus alimruhusu Hades amchukue Persephone bila kumuuliza mama, Demeter akatembea siku 9 na mienge bila kula wala kuoga, kisha akazuia mbegu zisiote duniani mpaka miungu ikakosa sadaka, na Zeus, bosi wa wote, ikabidi ajadiliane. Mtoto akarudi, ila theluthi ya mwaka anakaa kuzimu.

Kama umesoma Biblia ya Kiswahili huyu Zeus ulishakutana nae, Matendo 14, pale Listra Barnaba anaitwa Zeu na Paulo anaitwa Herme kwa sababu ndo msemaji, na kuhani analeta ng'ombe kuwatolea sadaka. Kwenye Matendo 17 Paulo akiwa Athens ananukuu washairi wao kwamba sisi ni wazao wake, na huo mstari upo kwenye shairi la Aratus ambaye anaanza na kumsifu Zeus. Paulo aliutumia kwa Mungu wake mwenyewe lakini wasikilizaji walijua umetoka wapi. Kumwita Zeus baba wa miungu na watu hakukumaanisha kawazaa wote, Poseidon na Hades ni kaka zake, ilimaanisha yeye ndo mwenye nyumba, anaelinda mgeni aliyekaribishwa, anaeshuhudia kiapo.

Lakini baba huyu hawezi kila kitu. Iliad kitabu cha 16 mwanae Sarpedon, ambaye Homer anasema mama yake ni Laodameia ingawa wengine wanasema ni Europa, anakaribia kuuawa na Patroklos. Zeus anasema moyo wake umegawanyika, amnyanyue ampeleke kwao Lycia akiwa hai au amwache. Hera anamjibu, fanya, ila jua kwamba na miungu wengine wana watoto pale chini na kila mmoja atataka kumtoa wa kwake. Zeus anakubali. Anamwaga matone ya damu juu ya ardhi kama mvua, Sarpedon anakufa, na Zeus anamtuma Apollo amuoshe, kisha Usingizi na Mauti, ambao ni mapacha, wambebe mpaka kwao akazikwe na ndugu zake. Aliyepindua baba yake na kummeza mke wake ili kiti kisitikisike, anashindwa kuokoa mtoto mmoja kwa sababu akivunja utaratibu mara moja, Olympus nzima itauvunja.

Ukitaka kuingia mwenyewe anza na Theogony, ni mistari elfu moja na kidogo tu, alafu Iliad kitabu cha 14, 15 na 16. Chukua daftari upige mstari katikati, upande huu Hesiod upande ule Homer, na jina likigongana liandike pande zote mbili uendelee kusoma.